Paskali Anakwenda Uswidi

Bagara, Babati, Jumapili, Agosti 1984

Tena nimemkaripia badala ya kumuaga.

Paskali, jirani yangu, anaondoka kesho alfajiri kwa basi la Arusha, kisha Uswidi, mwaka mzima, kusomea misitu. Wiki iliyopita nilimwita kibaraka wa wafadhili. Leo kaja kama kila jioni, akapiga hodi, akakaa. "Kaka, matusi nimeshayapokea. Sasa nipe ushauri. Wewe uliishi kule."

Nikampa, kwa ukali. Viatu avue mlangoni. Ndani ya basi asiamkie kila mtu, watadhani anaomba kitu. Taa ya waendao kwa miguu aisubiri hata kama barabara ni tupu. Na asiende kwa mtu bila miadi, hata akisikia redio ndani.

"Hata kwa jirani?"

"Hata kwa jirani."

Akacheka. "Basi wewe ungebaki huko huko. Babati nzima ni mimi tu ninayekuvumilia."

Nikamtolea koti langu la sufu, lile la kule. Linanuka moshi, na sabuni ya kulifulia haipatikani. Alilivaa hivyo hivyo, akanywa chai isiyo na sukari, tukabishana juu ya vyama vya ushirika mpaka giza likaingia.

Jambo moja sikumwambia. Majira yangu ya kwanza ya baridi kule, nilikuwa nikipiga hodi kwenye mlango wa chumba changu mwenyewe, ili tu nilisikie neno hilo likitamkwa.

Kesho jioni, hapa hapa Bagara, huenda nikaanza tena.