Vidole vya Manjano

Endasak

Kaka Margwe, shikamoo.

Mahindi yamebeba vizuri, na ng'ombe uliyenipa amezaa jike. Mama akiuliza, mwambie hayo tu.

Ule ugonjwa wangu wa ngozi, soriasisi, uliokuwa ukinibambua viwiko na shingo kama gome la mti, umetulia. Sada wa Katesh, anayeuza mitishamba ya Kihindi, alinipa mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na manjano. Napaka kutwa. Lakini manjano hayatoki, kaka, hata ukisugua vidole kwa majivu.

Siku ya mnada mwana wa Sada, Abdillah, alinirudisha kwa pikipiki. Barabara ni mawe matupu, nikamshika kiunoni nisianguke. Shemeji yako Agustino alikuwa amesimama mlangoni. Aliona vidole vyangu kwenye shati jeupe la kijana wa watu, kushoto na kulia. Hakuuliza. Aliingia ndani akatoka na panga, akamkata Abdillah kichwani akiwa bado amekalia pikipiki. Kisha akanigeukia mimi, akanikaba mpaka nikaona giza. Majirani ndio waliomng'oa shingoni kwangu.

Abdillah ameshonwa, atapona.

Mwanaume yule! Tangu magamba yaanze hakuwahi kunigusa, akidai nitamwambukiza. Ngozi ilipolainika ndipo akanigusa.

Kituoni aliapa mbele ya Mungu kwamba hajanigusa. Afande akamwambia afungue viganja.

Vilikuwa vya njano kuliko vyangu.

Njoo unichukue.

Mdogo wako,
Bernadina