Mwari wangu Nassra

Shoga, siamini mpaka saa hii. Mwari wangu Nassra, biharusi ninayemfunda, yuko wodini!

Asubuhi namsinga, nampaka singo ya harusi, nikamtania, "Miguu minene hii, mumeo atadhani kaoa wawili." Kacheka. Nikabonyeza singo mguuni, dole likazama. Likazama, shoga! Nimeliondoa, shimo limebaki vilevile kama kwenye unga uliokandwa.

Nikamuuliza, "Vidonge vyako vya maradhi ya lupasi unakunywa?"

Kanambia, "Nshaviacha, somo. Vinanivimbisha uso, na mie ntapigwa picha."

Tukamkimbiza hospitali. Presha iko juu, mkojo una damu na povu. Daktari kasema lupasi inaufanya mwili ujipige wenyewe, na sasa unapiga figo. Watamchoma sindano wachukue kijipande cha figo wakapime, halafu dawa kali za kuutuliza mwili, na za presha. Akichelewa, figo zitakufa. Na asishike mimba mpaka maradhi yatulie.

Mama yake akasema, "Daktari, harusi Ijumaa." Harusi Ijumaa, anamwambia daktari!

Nassra ndiye aliyeuliza, "Na wakwe zangu nani atawambia?" Wote wakanigeukia mie, eti kwa kuwa nna mdomo.

Sasa nipo Mtoni, mlangoni kwa bwana harusi. Namsikia mama yake ndani anamwambia jirani, "Mwakani inshallah nnabeba mjukuu."

Utani wote umenikauka, shoga. Nakuandikia wewe ili nisipige hodi.