Nguruwe Sebuleni kwa Mama

Jumatatu, 3 Machi
Sahani, sahani, sahani. Huu mgahawa wa Wachina una sahani nyingi kuliko wateja. Lakini mwoshaji ni mimi, kwa hiyo zinang'aa kama meno ya pasta. Bado nalala kwenye kochi la binamu Ombati, mtaa wa Stechford. Miguu inaning'inia. Mama alinifukuza kwa kukaanga nguruwe kwenye kikaango chake. Siku ya Sabato. Na sisi Waadventista, nguruwe ni mwiko. Najua, najua. Lakini kilinukia!

Jumatano, 5 Machi
Lin, binti ya mwenye mgahawa, kanifundisha alama moja: 家. Inasomwa jia. Maana yake nyumbani. Pia familia. Ukitanguliza neno "kubwa", inakuwa watu wote. Ukitanguliza kazi, unakuwa bingwa wa kazi hiyo. Nikasema basi mimi ni jia wa sahani.
"Wewe ni jia wa mdomo," akasema.
Wivu tu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeichora kwenye ubao, rangi nyekundu. Safi kuliko ya Lin. Dada yangu Moraa kautundika sebuleni kwa Mama, mtaa wa Sparkhill, Mama akiwa kazini. Akirudi atauona, atalia, atanipigia.
Hajapiga. Nachungulia simu kama mwehu.

Jumapili, 9 Machi
Nimemwonyesha Lin picha ya ubao. Nikajisifu. Akaniambia: juu ni paa. Chini ni nguruwe. Tangu kale, nyumba ni paa na nguruwe wake.
"Mbona hukusema?"
"Ungenisikia saa ngapi? Ulikuwa unajisifu."
Nimemrudishia Mama nguruwe. Ukutani. Nimekwisha. Naogopa, haya, nimeandika. Moraa hapokei simu. Nimepanda basi kwenda kwa Mama, limekwama kwenye foleni ya Stratford Road. Nashuka, nakimbia.

Jumatatu, 10 Machi
Jana nilimkuta Mama amesimama mbele ya ubao, bado na sare ya kazi.
"Hii inasemaje, kijana?"
Ningeweza kudanganya. Kipaji ninacho. Nikamwambia yote: nyumbani, paa, nguruwe. Na kwamba nataka kurudi.
Ubao ulikuwa umepinda, akaunyoosha.
"Huyu hanuki. Akae. Kikaango kiko mlango wa nyuma."
Hakukitupa. Alikiacha kwenye mfuko, na mafuta yake, muda wote huu.
Nikakisugua. Mama akakikagua, akanirudishia. Nikakisugua tena.
Nimelala kitandani kwangu. Miguu imeenea.