Moto Usioonekana Juani

Mdogo wangu mpendwa,

Huku tu wazima. Paa limezibwa, na yule paka wako amezaa ndani ya kiatu changu.

Bado natengeneza majiko ya makopo ya soda. Natoboa matundu ukingoni kwa msumari, namimina spiriti kidogo, chai inachemka. Wapiga kambi wanayagombania. Kila mmoja namwonya: juani moto wake hauonekani, usiongeze spiriti mpaka lipoe. Nawaonya kama fundi mkubwa, huku uso umenishuka.

Maana siku ile mimi ndiye niliyeongeza spiriti nikidhani limezima, moto ukamrukia mama mkononi. Wewe ulishika vikombe tu. Nikasema ni wewe. Ulinitazama tu, na mwezi uleule ukahama.

Mpaka leo vidole vikimshinda mama kufunga vifungo, anakutaja: “Yule na haraka zake!” Nami namfungia vifungo.

Kumwambia ana kwa ana nimeshindwa. Basi barua hii nampa yeye aipeleke posta, na bahasha sijaifunga. Mama unamjua, lazima atasoma.

Kaka yako wa jina tu.