Inzi Niliowamwaga

Ngalula mujukuu wangu,

Huku tuko wazima, na dada yako amejifungua mtoto wa kike. Unauliza kwa nini huwezi tena kuimba tangu ufike Ulaya.

Katanga ilipojitenga na Congo, nilikuwa naosha chupa za inzi wa matunda katika maabara. Siku moja nikamwaga inzi wenye macho mekundu yenye mabaka meupe, nikidhani ni wagonjwa. Profesa akashika kichwa.

“Jeni ya rangi iko muzima. Ilihamishwa tu kwenye kromosomu, karibu na sehemu yenye kuinyamazisha. Ukiirudisha, jicho linakuwa jekundu.”

Sikumwamini. Mwezi ule sisi Wakasai, tulioitwa wageni Katanga, tulifukuzwa majumbani, tukaishi kambini. Baba yangu, mwimbishaji wa kwaya, hakuimba hata mara moja.

Siku tuliporudi nyumbani alifungua mlango, akaimba kabla ya kuvua kofia. Niliganda na mzigo kichwani. Sauti ilikuwa ile ile.

Kambo yako