Jina Lipige Hodi

Machi 3

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na Mama hajambo? Mimi mzima. Kamati yetu ya lugha inapiga kura mwisho wa mwezi.

Mama kaniambia ulisoma pendekezo langu huku unaguna. Hii lugha yetu ya kompyuta ya kuandikia saketi, zile njia za umeme zinazoendesha mashine, tunaiongezea kitu kipya, “chumba”, yaani sehemu ya saketi inayojitegemea. Kanuni yako ya zamani inasema jina la kitu lisipopatikana ndani, kompyuta ilitafute nje, na nje zaidi, mpaka ilipate. Mimi nasema jina la nje lisiingie chumbani mpaka litajwe mlangoni, yaani kwenye mstari wa kwanza wa chumba. Majuzi nilisahau kuweka kihesabu cha ghorofa ndani ya chumba. Kompyuta ikaokota cha nje chenye jina hilohilo, kimya kimya, na lifti yetu ya majaribio ikawa inaipita ghorofa ya tatu kama haina watu. Nimehangaika nayo wiki nzima.

Usinipigie simu, tutagombana. Niandikie.

Mwanao

Machi 9

Mwanangu,

Marahaba. Goti linanisumbua kwenye ngazi tu. Mama anakusalimu, anasema ule.

Sikuguna, nilikohoa. Sasa sikiliza. Saketi yangu ya lifti ina vyumba ndani ya vyumba, na mapigo ya saa yanayoiongoza lazima yafike mpaka cha ndani kabisa. Niyatangaze kila mlango, kama mgeni asiyejulikana kwao? Wahandisi watakuchoka. Kanuni ile niliipigania nikiwa bado na nywele. Ikipita yako, nadhani kamati nitawaachia ninyi. Si hasira, nimechoka tu kubishana.

Baba yako

Machi 12

Baba,

Shikamoo. Nimekula, mwambie Mama.

Hoja ya saa imeniingia. Nimerekebisha: saa itajwe mara moja, mlango wa nje, na vyumba vyote vya ndani viipate. Saketi za zamani hazitaguswa. Mengine sirudi nyuma ng'o. Lakini usiondoke. Nikishinda halafu wewe hupo, nitakuwa nimeshinda nini?

Mwanao

Machi 31

Baba,

Shikamoo. Pendekezo limepita, na kura yako ya kupinga niliiona.

Desturi ya kamati unaijua: aliyepinga kwa nguvu ndiye anayeandika ukurasa wa kuieleza kanuni mpya, maana udhaifu wake anaujua kuliko wote. Mwenyekiti amekutaja wewe, na hujamjibu. Nikipiga simu, Mama anasema uko bustanini. Bustani gani, Baba, na mna vyungu viwili vya maua? Kama umeamua kuondoka, niambie mwenyewe. Naogopa kusikia kwa wengine.

Mwanao

Aprili 20

Mwanangu,

Marahaba. Goti limepoa. Mama anaomba radhi kwa ile bustani, nilimtuma mimi.

Nilikuwa naandika ule ukurasa wa mwenyekiti. Wa kwanza ulikuwa wa kukuponda tu, nikauchana. Ili niieleze kanuni yako ilibidi niiandike upya lifti yangu kwa vyumba vyako, mlango kwa mlango. Inachosha, na hilo nimelisema. Lakini nilipomaliza, kila chumba nilikisoma bila kutafuta kitu gani kimetoka wapi. Hilo nalo nimelisema.

Ukurasa wenyewe nimeuambatanisha. Mfano wa kwanza ni lifti inayosimama ghorofa ya tatu.

Kikao kijacho niwekee kiti karibu yako. Kanuni yako ya saa ina tundu, na sitaki kulionyesha kwa kupiga kelele kutoka nyuma.

Baba yako