Robo Nne Zisizolingana

Chanika, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu umekuwaje, bado unavimba ukisimama sana jikoni? Na mwanangu Zuhura, anakula? Mie mwili mzima, roho ndiyo imechoka. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kupiga kelele, na jirani yako anasikiliza kila neno. Mdogo wangu Hamisi akikusomea, asiruke kitu.

Mama, unajua haya mazoezi ya kufundisha ndiyo yamebaki nimalize chuo cha ualimu. Nikifaulu, nakuja kumchukua mwanangu. Nikifeli, nayarudia mwakani, na Zuhura anabaki kwako mwaka mwingine.

Jumatano mkufunzi wa chuo alikuja kunikagua. Somo hisabati, darasa la tatu, tunafundisha robo. Darasa limejaa mpaka wengine wanakaa sakafuni. Nikasema nisichore tu ubaoni, nilete kitu wanachokijua. Nikapika mkate wa sinia kama wako, nikaenda nao.

Ubaoni nikaandika vizuri kabisa: robo ni sehemu moja kati ya nne zilizo sawa. Kisha nikashika kisu. Mama, mkono ukakata kwa mazoea ya nyumbani kwetu: pande kubwa la baba, linalofuata la babu, kisha letu wanawake, na kile chembamba cha mtoto. Wala sikuona. Nikanyanyua lile kubwa, nikauliza, "Hii ni nini?"

"Ya baba!" akajibu mmoja kutoka nyuma.

"Na hiyo nyembamba ya mtoto wa kambo!"

Darasa zima kicheko. Akasimama binti mmoja wa dawati la mbele, Pili, mpole sana. "Mwalimu, si umesema zinakuwa sawa? Hizo mbona hazilingani?"

Nilijua amenishika. Lakini mkufunzi alikuwa ameinama anaandika, nikaogopa. Nikamwambia, "Kaa chini wewe. Robo ni robo."

Akakaa. Wakachora wote kama nilivyokata, moja nene, moja kama uzi, na chini ya kila moja wakaandika robo. Nilipita kusahihisha, Mama, nikaweka vema. Ningefanyaje? Ndivyo nilivyowafundisha.

Tulipotoka, mkufunzi akaniita pembeni. "Binti, kukata vibaya si kesi. Mtoto alikupa nafasi ya kujirekebisha, ukamnyamazisha. Kwa leo siwezi kukupitisha."

Nikamwambia, "Nina mtoto mdogo nyumbani, mwalimu. Nimemwacha kwa ajili ya hii kazi."

"Na hawa ni watoto wa nani?"

Amesema atakuja mara moja tena kabla shule hazijafungwa, na hiyo ndiyo ya mwisho.

Kesho yake nililirudia somo. Nikasema mbele ya wote, Pili ndiye aliyekuwa sahihi, mwalimu alikosea. Wakampigia makofi. Yeye akasema tu, "Nilijua, mwalimu," hata hakuniangalia. Tangu siku hiyo hanyooshi mkono. Nauliza swali, wanapiga kelele "mie mwalimu, mie," yeye anachezea penseli. Basi hata mkufunzi akinipitisha, sijui nitakuwa nimefaulu nini.

Sasa Mama, nasikia kila Zuhura akilia unambembeleza kwa kumwambia mama anakuja sikukuu. Unafanya kwa huruma, najua, na mie sijasahau unavyohangaika naye na mguu huo. Ila nakuomba uache. Sijui kama nakuja. Akiuliza, mwambie bibi hajui. Ni mdogo, lakini anaelewa akiambiwa kweli, na akija kugundua tulimdanganya hatatuuliza tena.

Nisalimie shangazi wa dukani, na mjomba anayekuletea nazi, mwambie nguvu zikimruhusu akurekebishie ule mlango wa uani. Hamisi asome kwa bidii, asiniige uoga.

Zuhura usimpe salamu yenye siku ndani yake. Mpakate tu.

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi